Neno la Kwanza Mlangoni

Sipendi kuulizwa-ulizwa. Watu wa manispaa walikuja mwaka jana na simu yao ya kunasa sauti, nikawapa chai nikawanyima maneno, wakaenda zao. Sasa amekuja Aybeniz, mjukuu wa jirani yangu marehemu Gulgaz, kucha nyekundu, manukato mpaka paka wangu akapiga chafya.

"Bibi Qizbas," akasema, "tunaandika kitabu cha watu wa zamani wa Sarab. Mtaa mzima umebaki wewe. Tupe habari za bibi yangu, yule fundi mkuu wa mazulia." Kisha akashusha sauti. "Na za yule shangazi mwehu. Ni kweli alimnyima bibi maji mpaka akafa?"

Nikamwambia aache karatasi zake hapo, atoke, afunge mlango, upepo unaingia. Nitaandika mwenyewe. Nikisema kwa mdomo watasema kizee ameanza kuchanganya. Herufi nilijifunza uzeeni, kwa hiyo zangu ni kubwa kama viazi na zinabingirika. Asiyependa viazi asile.

Kwanza, Gulgaz hakuwa fundi wa kitu chochote isipokuwa ulimi. Maisha yake yote hakufunga hata fundo moja la zulia. Aliyefuma ni Tukazban, wifi yake, dada wa mumewe Bakhshali. Basi habari hizi ni za Tukazban, huyo mnayemwita shangazi mwehu. Gulgaz atapita humo ndani kama funza anavyopita kwenye jibini, sina la kufanya, jibini lenyewe ni hilo moja.

Wazazi wa Tukazban walikufa kwa homa ya chawa wakati wa vita, siku zile Warusi wameegesha vifaru vyao mbele ya hamamu yetu na wanauza buti sokoni. Akabaki na kaka yake. Alikuwa mrefu, mikono kama ya mwanamume, na cheko la kutawanya kuku. Hakuwa mzuri. Nalisema hilo kwa sababu watu wakitaka kusimulia habari za mwanamke aliyedhulumiwa humpamba kwanza. Mimi simpambi. Alikuwa na kiburi, na akishasema jambo amelisema, hata likimgeuka likamng'ata. Lakini akikaa mbele ya kitanda cha kufumia, vidole vyake ulikuwa huvioni. Ulisikia tu kisu kidogo kikikata uzi, tik, tik, tik, na ua likachipua pale palipokuwa na nyuzi tupu. Wafanyabiashara wa Tabriz walikuwa wakifika, wanaligeuza zulia lake waangalie mgongo, maana uso wa zulia hudanganya, mgongo haudanganyi. Wakishaangalia mgongo walinyamaza, na mfanyabiashara wa Tabriz kunyamaza si jambo dogo.

Alikuwa amechumbiwa na Qudrat, mwana wa mshona viatu. Huyu alikuwa kijana wa masharubu na maneno. Mwaka ule wa Wademokrasia, chama cha hapa kilipojitangazia serikali yake na shule ziliposomesha kwa lugha yetu kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Qudrat alijivika mkanda wa risasi kifuani akawa anakatiza sokoni kana kwamba mlima Sabalan ni shamba la baba yake. Mwaka haukukaa. Majira ya baridi jeshi la Shah likarudi, watu wakachoma vitabu kwenye tanuri za mikate, na Qudrat na wenzake wakakimbilia mto Aras wakavuka kwa Warusi. Aliacha neno kwa mama yake: mwambie Tukazban nitarudi theluji ikiyeyuka. Theluji ikayeyuka. Ikaanguka tena. Mpaka ukafungwa kwa waya na bunduki, na Tukazban akaapa kwa mkate na chumvi kuwa atamngoja.

Mimi niliolewa na mwana wa Sanam, katika nyumba iliyopakana ukuta na yao. Jina langu, Qizbas, maana yake mabinti basi. Baba alikuwa amechoka kuletewa wasichana, nilipotoka mimi akamwambia Mungu imetosha. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba si kila mtu hufurahi ukifungua kinywa. Nilipoolewa ndipo nikafungwa kinywa kweli, kama mabibi harusi wote wa hapa enzi zile: ncha ya ushungi inapita juu ya midomo, na husemi neno mbele ya baba mkwe wala mama mkwe mpaka wakuruhusu. Wengine waliruhusiwa baada ya mtoto wa kwanza. Wengine walizikwa na ushungi wao.

Nyumba zetu mbili zilitumia tanuri moja, uani kwa Bakhshali. Siku moja ya vuli nimeinama nabandika mikate, Gulgaz ameketi pembeni anapekua chawa kichwani mwa mwanawe, ambaye ni baba yako, Aybeniz. Akaingia mtu wa magendo, wale waliokuwa wakipitisha sukari na vitambaa kutoka ng'ambo ya Aras.

"Nyumba ya Tukazban ndiyo hii?"

"Nyumba ni ya Bakhshali," Gulgaz akamjibu. "Tukazban anakula humu. Sema."

"Nina maneno yake kutoka kwa Qudrat. Anasema asimngoje. Ameoa huko Baku, na mkewe ni mja mzito. Anasema amemwachia, aolewe na amtakaye, na amsamehe."

Gulgaz hakushtuka hata kidogo. Alichomoa mkate wa moto akampa, na kipande cha jibini juu yake, akasema kwa sauti ya asali, "Umefikisha, kaka. Nenda salama. Haya tuachie wanawake, nitamwambia mwenyewe polepole, nisimuue kwa uchungu." Yule bwana alipotoka, Gulgaz akanigeukia. "We mkamwana wa Sanam. Kinywa chako kimefungwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Safi. Kibaki hivyo hivyo."

Unauliza kwa nini? Bakhshali alikuwa mpima nafaka sokoni, na uvivu alizaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na alama. Chai waliyokunywa, mkaa waliochoma, viatu vya watoto, vyote vilitoka kwenye vidole vya Tukazban. Msichana anayemngoja mchumba ng'ambo ya mpaka ni ng'ombe anayekamuliwa bila kulishwa. Mtu hafungui zizi kwa mkono wake mwenyewe ng'ombe wa namna hiyo atoke.

Kesho yake nikamwambia Tukazban. Ndiyo, nilimwambia, wasije wakasema Qizbas alinyamaza. Mbele ya wakwe nilikuwa bubu, lakini mtoni tunakosuuza sufu hakuna mkwe.

"Qudrat ameoa," nikamwambia. "Mtu alileta maneno, Gulgaz akayapokea mbele yangu."

Hakuacha kusuuza. "Gulgaz amekunyima nini safari hii?"

"Hajaninyima kitu."

"Juzi mligombania zamu ya tanuri."

"Tukazban! Tanuri na mume vinahusiana nini?"

"Kwenu vinahusiana. Watu wa kwenu mnaweza kumzika mtu angali hai kwa sababu ya mkate mmoja." Akaikamua sufu kama anakamua shingo yangu. "Tena mtu wa magendo! Hao huuza chumvi wakaiita sukari, nawe umelamba umesema tamu."

Nikamwachia sufu yangu pale pale nikaondoka. Hakuna aliyewahi kunishinda kwa ukaidi isipokuwa yeye.

Majira hayo hayo Fundi Heybat akamtuma dada yake kuja kumposa. Heybat alikuwa mkandaji wa sufu, kazi ile ya kuitandaza, kuimwagia maji ya moto na kuibingirisha chini ya kifua na viwiko mpaka ishikane iwe tandiko la sakafuni. Viwiko vyake vilikuwa kama kwato, na mwili wote ulinuka kondoo aliyenyeshewa. Mjane, ana mabinti wawili. Lakini marehemu mkewe hakuwahi kumpiga, na katika mtaa wetu hiyo ilikuwa habari ya kusimuliana.

Bakhshali alikubali, mwanamume mvivu huogopa kukataa. Na Tukazban alimtaka. Usishangae. Nilimwona akipita njia ndefu kwenda kisimani ili apite mbele ya duka lake, na mara moja nilimsikia akiwauliza wale mabinti wawili nani anawasuka. Alikuwa amechoka kuamka na kulala mbele ya mbao za kufumia. Kilichomzuia ni kiapo tu. Basi akatafuta mahali pa kukishushia.

Sikuwepo aliposema, ila Bakhshali alilisimulia sokoni kama kichekesho. Wamekaa wanakula, akawaambia, "Nitakwenda kusikiliza mlangoni Jumanne ya Mwisho. Nikisikia neno la kungoja, nitangoja. Nikisikia neno jingine lolote, hata mtu anaita paka, naolewa na Heybat kabla Nairuzi haijaisha."

Ona alivyojirahisishia njia! Katika maneno yote ya dunia, moja tu ndilo lingemzuia. Na akalitaja mbele ya Gulgaz.

Sheria ya Jumanne ile, ya mwisho kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya, hakuna asiyeijua hapa. Jua likizama, watu wakisharuka moto uani, unaweka nia moyoni, unakwenda mlangoni kwa mtu asiyeijua nia yako, unakanyaga ufunguo chini ya mguu, unasikiliza. Neno la kwanza litokalo ndani ndilo jibu lako. La kwanza tu. La pili ni la mtu mwingine. Nao walio ndani jioni hiyo husema mema matupu, wasije wakamtia nuksi aliye nje. Na jema likishasemwa halipingwi. Anayelipinga huivunjia nyumba yake mwaka mzima.

Tukazban miaka yote alisikiliza mlangoni kwetu, kwa mama mkwe wangu Sanam, kwa kuwa Sanam hakuwa mwanamke wa uongo. Hilo nalo Gulgaz alilijua.

Jioni hiyo akaja kwetu kabla moto haujazimika, amebeba sahani ya dengu za kukaanga. Dengu kavu, ngumu kama changarawe. Nilishangaa kidogo, kwa maana Gulgaz hakuwa mtu wa kubeba sahani imejaa kwenda kwa watu. Walikuwa wamekaa miguu chini ya blanketi la meza ile fupi yenye jiko la mkaa chini yake, baba mkwe, mama mkwe, mume wangu, naye Gulgaz akajipenyeza katikati. Mimi nimesimama na samawari karibu na ukuta. Akawagawia dengu kwa mkono wake, "Kuleni, kuleni, za baraka." Ndipo nikaelewa. Kila kinywa kikapata kazi. Mama mkwe mwenye meno yake machache alikuwa akiizungusha moja kama anayetafuta mahali pa kuiweka. Chumba kizima kikawa kru, kru, kru, hakuna anayeweza kusema.

Chini ya mlango wetu palikuwa na uwazi. Nikaziona ncha mbili za viatu vya mpira, nyeusi, zina theluji. Nikamtazama Gulgaz. Alikuwa ameziona kabla yangu, na kinywani mwake hamkuwa na dengu.

"Mngojeni tu!" akasema, sauti ya kupasua ukuta. "Msafiri yuko njiani. Anayengoja hapotezi."

Mama mkwe akatema dengu kiganjani. "Msafiri gani tena, Gulgaz?"

"Msafiri yeyote, mama. Si leo ni Jumanne?"

"Haya, afike salama," akasema mama mkwe, kwa sababu ndivyo inavyopasa, na baba mkwe akasema inshallah.

Nikaushika ushungi nikauteremsha chini ya kidevu. Neno langu la kwanza katika nyumba ile lilikuwa hili: "Mwongo huyu! Qudrat ameoa Baku, na Gulgaz anajua! Tukazban, olewa!"

Baba mkwe alinirushia koleo la mkaa. Lilinipata mdomoni, meno mawili yakatoka papo hapo, na la tatu likafuata baadaye. Mama mkwe akaanza kulia, si kwa ajili ya meno, kwa ajili ya mwaka wake uliovunjwa. Mume wangu akatazama blanketi. Na Gulgaz akaokota dengu, akaiweka kinywani sasa, akasema, "Maskini. Mkamwana wenu amepandwa na jini."

Vile viatu vilikuwa bado viko pale. Vilisikia yote. Kisha vikageuka.

Nikarudishwa kwa baba yangu kabla ya Nairuzi, nikakaa huko mpaka miti ilipochanua, ndipo wakaja kunichukua kwa sababu ng'ombe walikuwa hawana wa kuwakamua. Siku hiyo hiyo nikamfuata Tukazban mtoni. Posa ya Heybat ilikuwa imesharudishwa.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Mbwa wote wa Sarab walikusikia."

"Mbona basi umemkataa?"

"Ulisema la pili."

"La pili ndilo la kweli, we mwanamke!"

"La pili si langu, Qizbas."

"Lakini sauti uliijua ni ya nani. Sauti ya Gulgaz huijui?"

Akanitazama kwa huruma, mimi mwenye pengo. "Naijua. Naila asubuhi na jioni pamoja na mkate. Kwani Mungu akitaka kukujibu ataazima koo la malaika? Anachukua koo lililo karibu."

Nikamwita punda. Akaniita jini. Hatukusemezana mpaka mtoto wangu wa pili alipozaliwa.

Heybat alioa mwanamke wa kijijini, akazaa naye watoto wa kujaza hamamu, akanenepa. Sina zaidi la kusema juu yake. Alikuwa mlango, ukafungwa.

Nazo Jumanne zile, Gulgaz hakuhitaji tena kubeba dengu. Mtaa wote ulijifunza kazi yake. Tukazban akionekana amesimama mlangoni kwa mtu, ndani watu walikanyagana miguu chini ya blanketi wasicheke: "Anakuja! Ameshafika Ahar! Anabadilisha farasi!" Kwao ni mchezo, na juu ya mchezo ni thawabu, maana wamesema jema. Hivyo ndivyo tulivyo watu wa mji huu. Kisu tunakionea haya, tunamchinja mtu kwa halua. Hata watoto walikuwa na msemo: mwenye kuchelewa akiulizwa yuko wapi, wanasema yuko njiani na Qudrat.

Mlangoni kwangu, nilipokuja kuwa mwenye nyumba, alisimama mara moja tu. Nikaona kivuli chake, nikapaza sauti, "Nenda kalale, Tukazban, huyo hakujui." Nilijua navunja mwaka wangu. Mwaka huo ng'ombe alikufa. Na Tukazban hakuja tena mlangoni kwangu.

Zulia likashuka, jingine likapanda. Lilishuka zulia la kumsomesha baba yako Tabriz, Aybeniz. Lilishuka la kumwozesha ami yako. Lilishuka la kumpeleka Gulgaz Mashhad, halafu kubwa kuliko yote, lenye bustani na samaki, likampeleka Makka. Wanunuzi walipouliza hii ni kazi ya nani, Gulgaz alinyoosha mikono yake laini akasema, "Ni kazi ya nyumba hii." Miaka ikapita, nyumba ikawa yeye. Wakamwita fundi, akaitika. Tukazban kule nyuma alikuwa akisogeza pua karibu na nyuzi. Aliomba miwani. "Malizia safu hii kwanza, wifi," Gulgaz akamwambia, "tutaona." Akaimaliza. Juu yake palikuwa na nyingine. Macho yake yakaisha hivyo, safu kwa safu, na bado alifuma, kwa kupapasa, rangi akitajiwa na watoto wa nyumba. Wakati mwingine walimtajia rangi za uongo ili wacheke. Zulia moja lilitoka na farasi wa kijani. Liliuzwa vizuri, Mwarmenia mmoja alilipenda.

Kisha mpaka ukafunguliwa. Watu wa ng'ambo wakaanza kuja kutafuta ndugu zao, meno ya dhahabu, mabegi ya plastiki. Akaja binti wa Qudrat, mwanamke mnene mwenye adabu. Baba yake alikuwa ameshafariki. Gulgaz alimketisha chumba cha wageni, nami nikaenda kama jirani, jambo kama hilo siwezi kulikosa. Tukazban alikuwa kwenye kona yake, mgongo kwetu, anafuma.

"Baba alikuwa akimtaja mchumba wake wa hapa," mgeni akasema. "Alisema alimtumia neno la kumwachia, mimi sijazaliwa bado, kwa hiyo moyo wake ulikuwa mweupe. Natamani kumwona huyo mama. Aliolewa na nani?"

Sote tukaangalia chai.

"Alimpa nani hilo neno?" Tukazban akauliza, hakugeuka.

"Mtu wa magendo. Alisema alilifikisha nyumbani kwao, akampa wifi yake, kwenye tanuri. Hata mkate alipewa."

Gulgaz akasema, "Mgeni, ongeza sukari."

Kisu hakikusimama. Tik, tik. Tukazban akaifikisha safu mwisho, akaipiga kwa kile kitana kizito cha chuma, akauliza tena, "Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza?"

"Ndiye mimi, mama."

"Unao wako?"

"Ninao. Wameshaoa."

"Wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Vizuri," akasema. Akaanza safu nyingine. Mgeni akanigeukia akaninong'oneza, "Huyu bibi ni mtumishi wenu?" Nami nikamjibu kwa sauti, ili Gulgaz asikie, "Ndiyo. Halipwi."

Mwaka uliofuata Gulgaz akapooza. Upande mmoja wote, na nusu ya mdomo. Wanawe walikuwa na kazi zao Tabriz na Tehran. Mama yako, Aybeniz, alikuja, akakaa kidogo, akasema mgongo unamuuma, akaondoka. Kiwete akaachiwa kipofu. Watu wakasema ah, tazama Mungu anavyowaunganisha wifi wawili. Ukuta wangu ni mwembamba. Mimi nilisikia jinsi walivyounganishwa.

"Maji, wifi."

"Nimalize safu hii kwanza."

Baadaye tena, "Wifi, maji."

"Safu hii tu."

Hivyo asubuhi, hivyo mchana. Siku moja nikashindwa kukanda unga wangu, nikaenda. Nitakwambia nilichokiona, na hiki hata baba yako hakijui. Jagi la maji lilikuwa limejaa, karibu na mkono wa Tukazban, mbali na mkono wa bibi yako. Na safu haikuwepo. Kile kitanda cha kufumia kilikuwa kitupu, hakina hata uzi mmoja. Alikuwa ameketi mbele ya mbao tupu, mgongo umenyooka, mikono magotini.

"Tukazban, huyu mtu anakauka."

"Atapata."

"Lini?"

"Safu ikiisha."

"Safu gani, mama wee? Hapo hapana kitu!"

"Wewe una macho," akanijibu. "Wenye macho hawajawahi kunisaidia."

Nikamwinua bibi yako kichwa nikamnywesha mimi. Si kwa huruma. Sikutaka Tukazban aende motoni kwa ajili ya kikombe cha maji ya bomba. Gulgaz akanywa, akanikazia lile jicho moja lililobaki na akili, akasema kwa nusu ya mdomo, "Mwambie nilikuwa na watoto wa kulisha."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Yuko hapo, masikio yake mazima."

Akafumba jicho. Hakumwambia. Siku hiyo wala siku nyingine. Kufa alikufa majani yalipoanguka, kwa damu iliyomwagika kichwani, daktari ndivyo alivyosema, si kwa kiu. Maji aliyapata kila siku. Lakini kila tone alilokunywa alilingoja kwanza. Hilo ndilo jibu la swali lako, mjukuu wa Gulgaz: hakumnyima, alimngojesha.

Mchoma sindano wa mtaa akawasimulia wanawe habari za jagi. Baba yako hakuuliza zaidi. Alimshika Tukazban mkono akamvusha ua akamweka kwenye chumba kile nyuma ya zizi, kisicho na dirisha, maana kipofu dirisha la nini. Mbao za kufumia akazipasua kuni. Tukazban hakulalamika. Nilipompelekea supu aliniuliza tu kama nje theluji imeanza. Nikamwambia imeanza. Akasema, "Usiniambie ikiyeyuka."

Hakufika huko. Walimzika pembezoni mwa makaburi, kando ya barabara ya malori, bila jiwe, bila halua ya siku ya tatu. Imamu alifupisha kwa sababu ya upepo. Aliyelia ni mimi, na nililia kidogo, kwa hasira zaidi.

Basi, Aybeniz. Mkono umekufa ganzi na karatasi zako zimekwisha. Asante yako siitaki, na kitabu chenu mnaweza kukitilia picha ya mnayemtaka. Ninachokitaka ni hiki. Ijumaa baba yako huwaita wote kula pilau. Ngoja kitambaa kitandikwe, sahani zijae, kila mtu awe na kijiko mkononi. Kisha simama uwasomee haya, kuanzia juu, kwa sauti, usiruke mstari hata mmoja. Ukimaliza, vaa viatu uje moja kwa moja kwangu uniambie ni nani aliyeacha kula.